Mtoto anaumwa mwaka wa tatu na ugonjwa hauna jina: mwongozo kwa kaya za Kigoma na Tabora

Kuna mtoto ambaye kila akipelekwa zahanati anarudi na maneno matatu yale yale: malaria, taifodi, UTI. Dozi inamezwa, wiki mbili zinapita, anarudi kitandani. Akifika darasa la saba, nyumbani wameshauza mbuzi, mahindi na baiskeli, na bado hakuna anayejua anaumwa nini. Mwongozo huu ni wa mlezi wa mtoto huyo, na wa kijana mwenyewe kama ameshafikia umri wa kujieleza. Haumfanyi mtu kuwa daktari. Unaonyesha namna ya kuifanya pesa kidogo iliyopo inunue jibu, siyo dozi ya sita.

Anza na daftari

Nunua daftari la kurasa 80 au zaidi, na ulitafutie kifungashio cha plastiki. Kile cha sukari ya kilo mbili kinatosha. Zahanati nyingi huandika kwenye daftari unalokwenda nalo, na hapo ndipo kumbukumbu hupotea: kila homa daftari jipya, na la zamani limewashia jiko. Kwa ugonjwa unaojirudia daftari ni moja mpaka liishe. Likiisha, linahifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Ukurasa wa kwanza uwe na jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mlezi, dawa zilizowahi kumdhuru, na magonjwa ya ukoo. Hapo kwenye ukoo usione aibu. Kama kuna ndugu wa tumbo moja aliyefariki mdogo, andika alikuwa na umri gani na alianza na dalili gani. Mstari huo mmoja umewahi kuwa na thamani kuliko vipimo vingi.

Kurasa zinazofuata ni za siku. Usiandike "anaumwa", kwa sababu neno hilo halimsaidii mtu yeyote. Tumia ngazi nne: 0, alikwenda shule na akacheza, 1, alikwenda shule lakini hakucheza, 2, alibaki nyumbani anatembea, 3, hakuinuka. Ngazi hizi zinafaa kuliko kumuuliza mtoto maumivu ni mangapi kwa kumi, maana leo atasema tisa na kesho tatu kwa maumivu yale yale. Kisha ongeza kilichouma, saa kilipoanza, chakula, mkojo na choo, kazi aliyofanya, na dawa kwa jina, miligramu na idadi ya vidonge. Kwa msichana, weka alama siku za hedhi. Mfano:

Machi 12. Ngazi 2. Asubuhi alichuma tumbaku, umande ulikuwapo. Saa 8 mchana kichwa, kizunguzungu, alitapika mara 2. Joto halikupimwa. Alikunywa uji tu. Mkojo kawaida. Paracetamol 500, kidonge 1, saa 10. Asubuhi yake mzima.

Siku za uzima nazo ziandikwe, hata kwa tarakimu 0 peke yake. Bila hizo huwezi kuona kwamba homa huja kila baada ya siku kumi, au kwamba miguu huuma zaidi Juni na Julai baridi inapoingia. Mpime uzito mara moja kwa mwezi kwenye mizani ile ile, zahanati au hata kwa mnunuzi wa mazao, akiwa amevaa nguo nyepesi. Bandika ganda la kila dawa iliyomezwa. Ganda lina jina, na kumbukumbu ya "vile vidonge vyeupe" haina. Mwisho wa mwezi piga picha kurasa kwa simu yoyote yenye kamera, ya jirani ikibidi, kwa sababu daftari huachwa kwenye basi.

Mtego wa malaria, taifodi na UTI

Malaria ipo Kigoma na Tabora, na homa yoyote inastahili kupimwa. Tatizo ni namna majibu yanavyosomwa. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kijiplastiki, hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili bila kuwa na malaria mpya. Hapo omba apimwe kwa hadubini na vimelea vihesabiwe.

Taifodi ni hadithi nyingine. Kipimo cha Widal hupima askari wa mwili, siyo bakteria, na askari hao hupanda kwa maambukizi ya zamani na hata kwa magonjwa mengine. Widal moja haithibitishi taifodi. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara, na kazi hiyo hufanyika hospitali kubwa, kabla ya antibiotiki. Kwa UTI, mkojo wa kopo lisilo safi au wa mwanzo wa kukojoa huonyesha uchafu wa ngozi. Mtoto anawe, aanze kukojoa chini, akinge wa katikati.

Kanuni yetu ni hii: homa ikirudi mara tatu ndani ya miezi mitatu ingawa dozi zilimalizwa sawasawa, pesa ya dozi ya nne inakwenda kwenye vipimo na nauli ya kituo cha juu. Na neno "zilimalizwa" lina uzito wake. Vidonge vilivyokatwa nusu ili mdogo wake naye apate havikutibu mtu, na daktari anapaswa kuambiwa hivyo bila kufichwa.

Jihadhari na vidonge visivyo na ganda, vinavyofungwa kwenye karatasi dukani vikiitwa "mchanganyiko wa maumivu". Ndani yake huweza kuwa na prednisolone au deksamethasone, dawa kali za steroidi. Mtoto ataamka mzima kesho yake, atakula sana, uso utajaa, na ugonjwa halisi utaendelea kujificha. Akishazitumia kwa wiki kadhaa, asiziache ghafla bila kumwona daktari.

Vipimo vya mwanzo, na mpangilio wake

Kabla ya kufikiria Mwanza au Dar es Salaam, kuna vipimo ambavyo kituo cha afya au hospitali ya wilaya hufanya: picha kamili ya damu (wengi huiita FBP), sukari, mkojo, choo, VVU, uzito na urefu, shinikizo la damu, na oksijeni kwa kile kibanio cha kidoleni. Uliza bei ya kila kimoja kwenye dirisha la malipo, halafu mwulize daktari kipi kianze kama pesa haitoshi vyote. Swali hilo si la aibu. Daktari mzuri hulipenda.

Mpangilio una maana zaidi ya watu wanavyodhani. Damu ya kupima selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu zinazojikunja, itolewe kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu damu ya mchangiaji huvuruga majibu kwa miezi mitatu hivi. Ya kuotesha itolewe kabla ya antibiotiki. Choo cha kichocho kipelekwe siku tatu tofauti, kwa maana mayai hayatoki kila siku, na jibu la "hakuna" la siku moja halifungi kesi. Omba kila jibu liandikwe kwa tarakimu. "Damu kidogo" haimwambii kitu daktari anayefuata, "Hb 7.2", yaani kipimo cha wingi wa damu, inamwambia. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya 11.5 ni upungufu. Kwa wa miaka 12 hadi 14, chini ya 12.

Yanayokosewa mara nyingi

Selimundu ndiyo ya kwanza kuulizia. Tanzania huzaa kadiri ya watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi hukua wakiitwa wagonjwa wa malaria au waliologwa. Dalili huanza baada ya miezi sita ya umri: vidole vya mikono na miguu kuvimba utotoni, macho ya manjano yanayokuja na kuondoka, maumivu ya mifupa, kuishiwa damu mara kwa mara, tumbo la kushoto kuvimba, baadaye vidonda vya kifundo cha mguu visivyopona. Kuna vipimo viwili, na hapa watu hupotea. Kile cha haraka cha kuona kama seli zinajikunja hakitofautishi mgonjwa na mbebaji wa kawaida asiyeumwa. Kinachotofautisha ni cha kuchambua hemoglobini, kwa hiyo jibu la "positivu" pekee halijamaliza kazi. Mtoto mwenye selimundu hutumia foliki asidi kila siku, na ipo haidroksiurea inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Asipewe vidonge vya madini ya chuma kwa sababu tu damu iko chini; kwanza ijulikane kama chuma kimepungua kweli.

Kwa wanaokaa mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kwa wanaolima mpunga Tabora, kichocho kisiachwe. Kile cha tumbo huleta maumivu, choo chenye damu na, kikikaa miaka, ini na bandama kuvimba. Kile cha mkojo huleta damu mwishoni mwa kukojoa. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, baada ya kula. Mtoto aliyekosa shule siku ya ugawaji wa dawa hiyo shuleni aliikosa. Na akirudi kuoga palepale, minyoo nayo inarudi.

Tumbaku inahitaji aya yake, maana madaktari wanaotoka mikoa mingine hawaiulizi. Urambo, Kaliua, Sikonge: nikotini hupita kwenye ngozi kutoka jani bichi lenye umande au mvua. Saa chache baadaye huja kichwa, kichefuchefu, kutapika, udhaifu, halafu ndani ya siku moja au mbili vyote huisha. Kwa nje ni malaria tupu. Ndiyo sababu daftari lina nafasi ya kazi iliyofanywa. Kama ngazi 2 na 3 zinaangukia siku za kuchuma, jibu unalo, na halijagharimu kitu. Mtoto asichume, kwa sheria ya nchi kazi ya hatari hairuhusiwi chini ya miaka 18. Mtu mzima naye asubiri umande ukauke, avae mikono mirefu, anawe kwa sabuni. Kikohozi cha usiku kinachozidi msimu wa kukausha tumbaku kwenye mabani huenda ni pumu, na moshi wa kuni jikoni huichochea vilevile.

Mengine kwa kifupi. Maziwa mabichi na homa inayopanda jioni, jasho, mgongo na viungo: brusela, matibabu yake ni dawa mbili kwa wiki sita, hivyo vidonge vya siku saba havitoshi. Kikohozi zaidi ya wiki mbili, kutoongezeka uzito, mtu mwenye TB nyumbani: TB, na kipimo na dawa ni bure, mtoto asiyeweza kutoa makohozi, choo chake kinaweza kupimwa kwa mashine ileile inayopima makohozi. Kiu, kukojoa usiku mara nyingi, kukonda huku anakula, sisimizi kwenye mkojo: kisukari. Sukari ya 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo ni safari ya hospitali leo hii. Kuchoka haraka na moyo kwenda mbio baada ya miaka ya koo kuuma bila kutibiwa: huenda ni vali za moyo, na kipimo chake ni ekko, yaani ultrasound ya moyo. Kuduwaa kwa sekunde chache darasani ni kifafa pengine, siyo utovu wa nidhamu. Aliyeng'atwa na ndorobo porini, akapata homa na kichwa kisichoisha, malale yatajwe kwa sauti mbele ya mpimaji, kwani hadubini ileile ya malaria huona vimelea vyake kama mpimaji ameambiwa avitafute.

Msichana anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu ya hedhi huambiwa ni chango, ataolewa litaisha. Pedi kulowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, damu kupita siku saba, au maumivu yasiyosikia ibuprofeni iliyomezwa na chakula tangu dalili ya kwanza: hayo si ya kusubiri ndoa.

Namna ya kumweleza daktari

Chumba cha daktari una dakika chache. Salimu, kaa, fungua daftari ukurasa wa mwezi, na useme mambo manne kwa mpangilio: imeanza lini, inakuja mara ngapi, imemzuia nini ("amekosa shule siku 41 mwaka huu"), na nini kimeshapimwa na kutibiwa. Usianze na jina la ugonjwa. Ukiingia na "ana taifodi sugu", utatoka na dawa ya taifodi.

Halafu uliza: "Daktari, naomba kuuliza. Mbali na malaria, unafikiria nini kingine? Na kipi kati ya hivyo tumeshakiondoa?" Kama hakuna kipimo zaidi hapo, omba barua ya rufaa yenye muhtasari, siyo karatasi yenye neno "rufaa" tu. Njia ya kawaida ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, na kutoka hapo Bugando, Mwanza. Zipo pia hospitali za misheni zinazopokea wagonjwa wa mbali, kama Kabanga kule Kasulu na Nkinga wilayani Igunga. Fuatilia matangazo ya kambi za madaktari bingwa kwenye hospitali ya wilaya. Anayefika na daftari kamili huhudumiwa tofauti na anayefika na kilio.

Vipimo vikirudi safi vyote, hiyo haina maana kwamba mtoto anajitungia. Ina maana kwamba hayo yaliyopimwa siyo. Omba tarehe ya kurudi na iandikwe. Mwulize pia mtoto kuhusu usingizi, hofu na kukata tamaa, akiwa peke yake na mtaalamu. Sonona huweza kuja baada ya miaka ya kuumwa bila kuaminiwa, nayo inatibika.

Pesa

Watu wengi huomba msamaha wa matibabu baada ya kuuza kila kitu. Omba kabla. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya, na kama kaya iko TASAF, beba na ushahidi wake. Ukifika hospitali, pita kwanza ofisi ya ustawi wa jamii, siku ya kazi, asubuhi; jioni na Jumapili hutamkuta mtu. Watoto chini ya miaka 5, TB na VVU vina utaratibu wa bure, na kwa magonjwa sugu kadhaa upo utaratibu wa msamaha, ndiyo sababu jina la ugonjwa lina faida hata mfukoni. Kuhusu bima, CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 imebadilisha mambo, hivyo mwulize mtendaji utaratibu wa sasa kabla ya mavuno kuisha, pesa ikiwa bado ipo.

Bajeti ya rufaa huvunjwa na vitu visivyo dawa: nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha msindikizaji, na siku za kusubiri majibu. Piga hesabu ya siku tatu zaidi ya ulizoambiwa. Mwambao wa kusini wa Uvinza, ambako watu husafiri kwa boti, ongeza na siku ya ziwa kuchafuka. Kama mko kwenye VICOBA, mfuko wa jamii uulizwe mapema unakopesha kiasi gani kwa ugonjwa, na pesa hiyo itengewe kipimo au nauli. Ikianza kununua panadol itakwisha hivyo hivyo.

Nyumbani na shuleni

Dumu la lita 20 ni kilo 20. Mtoto mwenye ngazi 1 abebe la lita 5 au 10, na apumzike kabla hajachoka, siyo baada ya kuanguka. Siku akijisikia vizuri ndiyo ya hatari: atalima, atacheza mpira, atafua, na kesho yake ni ngazi 3. Siku nzuri aongeze kazi kidogo tu kuliko siku ya kawaida.

Chakula kisitafutwe mbali. Kigoma kuna dagaa, maharage na mawese. Tabora kuna karanga na mboga za majani. Chai isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa moja, kwa maana hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 35 anatoshwa na kidonge kimoja cha 500 kwa mara moja.

Shuleni nenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa afya, na nakala ya muhtasari wa daktari kama upo, au daftari kama haupo. Omba vitu vinavyotekelezeka: ruhusa ya maji na choo bila kuomba kila mara, kutokimbia mchakamchaka, kutochapwa kwa utoro siku zilizo kwenye daftari, na rafiki mmoja wa kumletea kazi za darasani.

Kuhusu waganga, hatuna ugomvi na anayekwenda kuombewa au kunywa majani ya chai ya bibi. Ugomvi ni kwa chale, kukata kimeo, kung'oa "meno ya plastiki", na amri ya kuacha dawa. Kila mti ulionywewa uandikwe kwenye daftari. Ini na figo hazijui kama dawa ilitoka porini au hospitali. Na jumlisha bei. Kuku, mbuzi na nauli ya mganga wa mbali mara nyingi vinazidi picha kamili ya damu.

Usisubiri asubuhi kama kuna: degedege lililopita dakika tano au lililojirudia bila kuzinduka, kupumua kwa shida, kushindwa kunywa, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, kutapika na kupumua kwa kina huku pumzi inanuka matunda, homa au maumivu ya kifua kwa mwenye selimundu. Kubaliana na bodaboda mmoja mapema, na namba yake iandikwe ndani ya jalada, kwa kalamu.

Jina likipatikana

Andika jina, tarehe, kipimo kilicholithibitisha na hospitali kwenye ukurasa wa kwanza. Uliza kama ni la kurithi. Kwa selimundu, ndugu wote wa tumbo moja wapimwe, hata wanaoonekana wazima. Uliza dawa ni ya muda gani na inapatikana wapi karibu, maana dawa inayopatikana Mwanza pekee itakatika msimu wa kilimo. Madaftari ya zamani msiyatupe. Jina la kwanza huwa si sahihi mara nyingine, na daktari wa pili atataka kuona mlianzia wapi.